Midomo Haina Nywele

Simu ya Konsolata ilinikuta nanyoa ndevu, uso umejaa povu, kioo nimekiegemeza dirishani. Sikuwa nimeisikia sauti yake kwa miaka mingi, lakini niliitambua kabla hajajitaja. "Onesmo, baba ametutoka," alisema. "Mama ameniambia nikupigie mimi mwenyewe, usije ukasikia njiani." Nilitoa pole, nikauliza maziko ni lini, nikaahidi kufika. Kisha nikabaki pale dirishani na wembe mkononi, povu likinikaukia, nikijitazama. Watu wasionijua huanza kunitazama mdomoni. Midomo yangu ni myeupe yote miwili, weupe wenye wekundu kwa mbali, na weupe huo unakomea ghafla pale ngozi yenye ndevu inapoanza. Wazee wetu huiita mbalanga. Nimeshaizoea, wanangu wameshaizoea, mke wangu hunitania kuwa nimekunywa maziwa nikasahau kujipangusa, na kwa kawaida nacheka naye. Asubuhi ile sikucheka. Kifo cha yule mzee kilinirudishia aibu ikiwa mbichi kabisa, hata nikajikuta nimefunika mdomo kwa kiganja, na mle chumbani nilikuwa peke yangu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao kambi ya Nduta ilifunguliwa tena, na Warundi wakaanza kushushwa kwenye mabasi na mafurushi yao. Mimi nilikuwa kijana wa Titye niliyekatiza chuo, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa mwajiri ni ulimi. Kiha cha nyumbani kinakaribiana sana na Kirundi, na Kiswahili changu kilitosha kumridhisha hata mtu wa pwani, kwa hiyo nikapata kazi ya ukalimani kwenye kituo cha afya kambini. Nilipanga chumba Kibondo mjini: kitanda, ndoo, jiko la mkaa, na dirisha la mbao lililofungukia upande wa jua la asubuhi. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyepika ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na jioni wapangaji tulikaa koridoni na sahani magotini, tukimsikiliza akimsema kila mmoja wetu kwa zamu. Zamu yangu ikifika, alisema mimi natafuna polepole kama bwana harusi anayetazamwa na wakwe. Weupe ulianzia kwenye kona ya mdomo, mdogo kama punje ya mtama. Kabla masika hayajaisha ulikuwa umeimaliza midomo yote, umeshuka kidevuni, na mabaka mengine yamenitokea mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko. Nikaacha kula koridoni. Nilisema nina kazi za kumalizia, nikawa nakula chumbani mlango umefungwa, huku nikiwasikia wanavyocheka upande wa pili.

Kazini hapakuwa na mlango wa kufunga. Mkalimani anatazamwa mdomoni siku nzima, ndiyo kazi yenyewe. Niliketi kati ya daktari na mgonjwa kwenye kibanda cha turubai, na wageni wa siku hiyo, ambao walikuwa hawajajua kwamba nawaelewa, walinijadili kwa Kirundi kwa sauti ya kawaida kabisa. Siku moja mama aliyembeba mtoto mwenye homa alinikazia macho, akamuuliza mwenzake, "Huyu aliungua na uji, au ni kitu cha kuambukiza? Asimguse mwanangu." Daktari akanigeukia: "Anasemaje?" Nikajibu, "Anasema mtoto hakulala usiku kucha." Kisha nikamgeukia yule mama, nikamuuliza kwa Kirundi safi mtoto ameanza lini kuchemka. Alijishika mdomo. Mimi nilikuwa na haya, na yeye alikuwa na haya, na hakuna kati yetu aliyekuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo tukaendelea na habari za homa.

Kilichoniumiza kuliko maneno yote ni mrija. Kwetu, na kwa Warundi vilevile, pombe ya ndizi hunywewa kwenye mtungi mmoja kwa mrija. Mwenyeji anaonja kwanza mbele ya wageni ili waone hamna sumu, halafu mrija unapita mdomo kwa mdomo kufuata mkao wa watu. Kumpokea mtu ni kuuchukua mrija uliotoka kinywani mwake. Sikuwa mlevi, lakini Jumamosi nilipenda kupita kilabuni kusikiliza porojo. Jumamosi moja nilivuta mafunda yangu, nikampa aliyekaa kulia kwangu, dereva tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Aliutazama nchani, akaufuta kwa shati, akautazama tena. Kisha akasema kwa uchangamfu, "Jamani, leo nipeni kikombe, meno yananisumbua." Aliyemfuata naye meno yakaanza kumsumbua. Hakuna aliyenitukana, na mimi nilicheka pamoja nao hadi nilipopata nafasi ya kuaga. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mrija wangu mwenyewe, mpira wa dripu ambao haujatumika, uliowekwa kando kituoni kwa sababu muda wake ulikuwa umepita. Ulikunjika vizuri ukaingia mfuko wa shati. Niliutoa kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kunipa mrija au kuninyima, nikasema mimi ni mgonjwa nimetoroka wodini. Watu walivunjika mbavu, nami nikanywa kwa amani. Nilijiona mjanja sana.

Daktari wetu, Mwanaidi, alikuwa mtu wa Tanga, mwanamke mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Alinivumilia hadi siku alipochoka kuniona nikiongea huku nimefunika mdomo. "Kaka Onesmo, wagonjwa hawakusikii. Hebu njoo huku." Akanivuta hadi mlangoni kwenye mwanga, akanikunja mkono wa shati, akatoa kioo cha kukuzia. "Kwanza hii haiambukizi, hilo litoe kichwani. Rangi ya ngozi inatengenezwa na chembe maalumu. Askari wa mwili wako mwenyewe wamezidhania adui, wamezishambulia, na kwenye haya mabaka zimekwisha. Sasa tazama. Unaona nini?" Niliinama. Katikati ya baka jeupe kulikuwa na vinukta vya kahawia, na katikati ya kila kinukta umesimama unywele mmoja mweusi. Akafurahi kama mtu aliyeona mche wake umechipua. "Kila unywele una ghala kwenye shina lake. Mle ndani kuna chembe changa, bado hazijawa za rangi, zimelala tu. Haziamki kwa kutaka zenyewe. Ngozi iliyo jirani inazipelekea ujumbe, ni kemikali lakini wewe sema ni ujumbe, ndipo zinaamka, zinazaana, zinapanda juu na kuhamia palipo patupu. Ujumbe mmoja unazikuza, mwingine unazielekeza njia, mwingine unaziambia sasa anza kutengeneza rangi. Hata ulipokuwa tumboni mwa mama yako zilianzia mgongoni, karibu na uti, zikaitwa hivyohivyo mpaka zikafika vidoleni. Zilizokosa kuitwa hazikufika." Alinipa mafuta ya kupaka, ya kuwatuliza wale askari, na akaniambia niote jua la asubuhi, kidogo tu, linasaidia kuziamsha. Nikamuuliza, "Na midomo?" Alianza kukunjua mkono wa shati langu. "Midomo haina nywele, kaka." "Kwa hiyo itachelewa?" "Nimekwambia haina nywele," akasema, sasa kwa upole, na akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ni kwa nini sikusikia. Alisema waziwazi, mara mbili, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mimi ndiye mtu niliyelipwa kusikia watu wanasema nini. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona vile vinukta. Kila asubuhi nilifungua dirisha, nikaweka mkono juani, nikaupeleka na uso wangu palepale, macho nimeyafumba na midomo nimeibinua kama mtoto anayenuna. Vinukta vilipanuka, vikagusana, vikawa visiwa, visiwa vikaungana. Kidevuni palianza kurudi, kwa sababu pana ndevu. Midomo ilibaki vilevile, na kila asubuhi nilisema ni zamu yake sasa.

Haraka yangu ilikuwa Konsolata. Alikuwa fundi cherehani, amekodi baraza mkabala na nilipopanga, binti wa familia yenye asili ya Burundi iliyokwisha kupata uraia, ambayo ilikuwa ikilima upande wa Kasulu, si mbali na iliyokuwa kambi ya Mtabila. Tulikuwa tumekubaliana. Kilichobaki ni mimi kwenda na wazee wangu kujitambulisha kwa baba yake, Mzee Gervazi, na kujitambulisha huko maana yake ni kukaa kwenye mtungi. Niliahirisha, nikaahirisha tena. Konsolata alikuwa na tabia ya kuongea huku pini zimembana midomoni, na siku hiyo alizitoa zote kwanza. "Baba anauliza kama kweli wewe ni mtu, au nimejitungia." Nikakunja shati nimwonyeshe. "Nipe muda kidogo. Ona, mkono unarudi." Akautazama mkono, akanitazama usoni. "Mkono ndio utakaokunywa?" Nilicheka, nikashusha mkono wa shati. Yeye akarudi kwenye cherehani yake. "Nimeshaongea na nyumbani, Onesmo. Wewe njoo tu." Nilidhani ameongea nao habari za tarehe. Sikumuuliza, kwa sababu kuuliza kungenilazimu kuitaja midomo yangu kwa jina mbele yake, na hilo nilikuwa sijalifanya hata mara moja.

Tulikwenda kiangazi kilipokolea. Mshenga alikuwa baba yangu mdogo, mtu mwenye maneno mengi na suti moja. Nyumba ya Mzee Gervazi ilikuwa ya matofali, sebule imepambwa vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, picha ya Bikira Maria ukutani, na kutoka uani ikija harufu ya mbuzi anayechemka na ndizi. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakinong'ona na kuzuiana kucheka, na nilimsikia mmoja akisema, "Ndiye yule wa mwisho, mrefu." Mzee alikuwa mfupi, amevaa koti zito na joto lile lote. Aliwapokea wazee wangu kwa mikono miwili, "Amahoro, amahoro," kisha mtungi ukaletwa, na ndugu zake wakajipanga kwenye viti kufuata umri. Yeye alikuwa na kiti chake cha heshima karibu na mlango. Akaonja kwanza kama ilivyo desturi, akasema, "Karibuni, humu hamna kitu ila ndizi," akampa baba mdogo mrija. Halafu, badala ya kurudi kwenye kiti chake, akaja kuketi kwenye benchi langu, kulia kwangu, bega kwa bega. Nilijikunyata. Nilijua amekuja kunichunguza kwa karibu.

Mrija ulizunguka. Niliutazama ukija, na kila mtu aliyeupokea nilimwona akinitupia jicho, ingawa leo siwezi kuapa kwamba walifanya hivyo. Ulipofika kwangu niliupokea kwa mikono miwili, nikaurudisha taratibu mtungini, nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa mpira wangu wa dripu. "Mimi ninao wangu, mzee," nilisema. Nilikuwa hata nimetayarisha ule utani wa wodini. Ule mpira ulijikunjua wenyewe hewani, ukaninginia mbele ya watu wazima waliovaa nguo za kanisani, na nyuma ya pazia minong'ono ikakatika. Mzee Gervazi aliushika kwa vidole viwili. "Huu ni wa hospitali?" Nami, Mungu wangu, nikajibu, "Ndiyo, mzee. Ni msafi kabisa." Nikayasikia maneno yangu yalipokwisha kutoka. Nilikuwa nimeingia kwenye nyumba ya mtu kuomba binti yake, mwenyeji amenionjea kinywaji kwa kinywa chake mwenyewe, na mimi nimetoa kinga mfukoni. Mzee alinirudishia mpira. "Twebwe ntituri abarozi," alisema polepole, kama anayeeleza jambo kwa mgeni. Sisi si watu wa kutia sumu. Na mimi, mkalimani, sikuhitaji wa kunitafsiria.

Baba mdogo alijaribu kuokoa jahazi akalizamisha zaidi. Alisema kijana hana nia mbaya, kijana ana maradhi ya mdomo, anawahurumia wenyeji wasije wakaambukizwa. Nilitaka kusema hayaambukizi, daktari amesema, ni chembe tu, ni askari wa mwili wamekosea, lakini ulimi wangu, ule wa kulipwa, haukunyanyuka. Mzee alisimama, akachukua jani la mgomba, akaufunika mtungi. Hakugomba. Alitushukuru kwa kuja kutoka mbali, akatusindikiza mpaka njiani, kwa heshima zote, na yule mbuzi hatukumla. Kwenye gari, tulipokaribia Titye, baba mdogo akaniuliza, "Lakini mwanangu, ule mpira ulitoka wapi?" Nilikosa pa kuuficha uso wangu, nikaugeuzia dirishani mpaka tukafika.

Konsolata aliporudi Kibondo hakulia wala hakunitukana. "Chukua mtungi, nenda peke yako, ukanywe naye mrija mmoja," alisema. "Baba si mtu wa kinyongo. Yataisha siku hiyohiyo." Nilimwambia nitakwenda, na nilimaanisha. Ila nilitaka kwenda nikiwa mzima. Nilitaka mzee anione na midomo yenye rangi, aelewe kwamba yale yalikuwa ya kupita. Basi nikaendelea kuota jua. Mkono ulirudi wote, usiweze kujua palikuwa na baka. Kidevu kilirudi. Konsolata aliacha kuniuliza. Siku moja nilikuta baraza lake halina cherehani, na jioni, koridoni, mwenye nyumba akatangaza juu ya sahani za maharage kwamba yule fundi amechumbiwa Kasulu na mfanyabiashara wa nafaka. "Wewe si mlikuwa marafiki?" akaniuliza. Nikasema tulikuwa tunafahamiana. Tangu mwaka ule sijaweka mrija wa pamoja mdomoni. Kwenye harusi nakunywa soda, nasema tumbo haliko sawa, na watu wananiona mlokole.

Nilikwenda msibani Kasulu, na nikabaki mpaka siku ya kumaliza matanga. Konsolata amenenepa kidogo, amekuwa mama wa watu, na alinipokea bila kinyongo chochote, jambo ambalo lilinitesa zaidi. Uani walikuwa wametandika mikeka, mtungi katikati. Nilikwisha kujitafutia kiti cha pembeni nilipomsikia Mama Konsolata, mjane mwenyewe, akiniita kwa jina. "Njoo ukae hapa," akagusa mkeka kushoto kwake. Sikuwa na namna ya kumkatalia mfiwa. Niliketi. Aliangalia mtungi, akasema bila kunigeukia, "Siku ile mzee alihama kiti chake. Uliona?" Nikasema niliona. "Konsolata alikuwa ametuambia habari za midomo yako. Shemeji zangu wakasema hawatanywa baada yako. Mzee akawaambia, sawa, basi mimi ndiye nitakayekaa baada yake. Nikishakunywa mimi, nimwone atakayeufuta mrija."

Yule mzee mfupi aliyejibana kwenye benchi langu na koti lake zito hakuja kunichunguza. Alikuja kunikinga, mbele ya ndugu zake, na mimi nikamtolea mpira wa hospitali. "Mbona hakuniambia, Mama?" niliuliza, na sauti yangu ilitoka ya kitoto. "Alikuwa anakungoja uje," alisema. "Alisema kijana akija na mtungi nitamweleza, tutacheka. Kila tukikamua ndizi alikuwa anauliza, yule mtoto wa Titye hajapita?" Nimeona haya mara nyingi maishani, haya za kutazamwa, za kuchekwa, za kufuatiwa na watoto sokoni. Hizo zote nilizoziita aibu hazikufika robo ya nilichokisikia pale mkekani. Mtu mmoja aliniita, akaendelea kuniita miaka yote, na mimi nilikuwa Kibondo dirishani nangoja midomo.

Mrija ulikuwa unazunguka. Ulimfikia jirani yangu wa kushoto, akavuta, akampelekea mjane kwa heshima, akiniruka, maana siku zote za msiba aliniona na soda. Mama Konsolata akaupokea, akaunyoosha kwangu. "Akira, mwana wanje." Pokea, mwanangu. Nikaupokea, nikanywa. Ilikuwa na ukali wa mtama na utamu wa ndizi nyuma yake, nami nilivuta funda moja na jingine, machozi yananitoka mbele ya watu. Nilipoutoa mdomoni, kidole gumba kilikuwa kimeshafika kwenye ncha ili niufute. Mama Konsolata akanishika kifundo cha mkono, akauchukua ukiwa bado umelowa, akanywa.